Sigara za umeme: Tabora ina nini cha kupoteza?

WAFANYABIASHARA wa Tabora wamezoea kuangalia mambo matatu kabla msimu wa tumbaku haujafunguliwa: mvua ilivyonyesha, makisio ambayo kampuni zimekubali kununua, na dola inavyokwenda dhidi ya shilingi. Mwenye duka la vipuri Urambo, mwenye lori Sikonge na muuza mabati Kaliua nao huangalia hayo hayo, kwa sababu fedha ya tumbaku ikichelewa, daftari la mikopo nalo hukaa wazi.

Sasa liko jambo la nne. Nalo ni udhibiti wa sigara za kielektroniki, zile ambazo vijana wa mjini huziita vepu. Kwa wengi mkoani hapa suala hilo linaonekana kuwa ni la Dar es Salaam na Nairobi, la vijana wenye fedha na wazazi wao. Wapo pia wanaolitazama kwa wasiwasi wa kibiashara: kwamba kila sheria inayobana bidhaa yenye nikotini, mwisho wake hubana jani, na jani likibanwa Tabora hulala njaa.

Wasiwasi huo unaeleweka, lakini hesabu haiungi mkono. Ukiifuata safari ya nikotini kutoka shambani hadi kwenye chupa, utakuta kwamba mkoa unaoongoza kwa kulima tumbaku nchini hauna faida ya kutetea katika biashara hiyo mpya, ila una watoto wa kuwalinda.

BIDHAA YENYEWE

Sigara ya kielektroniki haiwashwi kwa kiberiti. Ina betri, waya unaopata moto, na kimiminika chenye nikotini, viungo vya kuleta mvuke na ladha. Mvutaji anapovuta, waya hupasha kimiminika na kukigeuza kuwa mvuke. Aina iliyoenea duniani leo ilitengenezwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, na sehemu kubwa ya vifaa hivyo hutoka katika viwanda vya Shenzhen.

Ni vyema mfanyabiashara asizichanganye na bidhaa nyingine mbili. Ya kwanza ni tumbaku inayopashwa moto bila kuungua, ambayo bado hutumia jani lenyewe. Ya pili ni vifuko vya nikotini vinavyowekwa kati ya mdomo na fizi. Zote tatu zinauza kitu kimoja, yaani nikotini, lakini kila moja ina njia yake ya kukwepa sheria zilizoandikwa kwa ajili ya sigara.

Nikotini si ngeni kwa mkulima wa Tabora. Anayechuma majani yaliyolowa umande au mvua huenda akashikwa na kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi. Jani bichi kiganjani linamwangusha mtu mzima. Kimiminika cha vepu ni nikotini hiyo hiyo iliyokamuliwa na kutiwa ndani ya chupa ndogo yenye harufu ya embe au peremende. Mtoto mdogo akiinywa, anaweza kupoteza maisha.

Kwa kijana, hatari kubwa ni uraibu. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25, na nikotini inayoingia kabla ya hapo hushika kwa nguvu zaidi. Marekani ilipata somo jingine mwaka 2019, pale ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na uvutaji wa mvuke ulipowalaza hospitalini watu zaidi ya 2,800. Hadi Februari 2020 watu 68 walikuwa wamefariki. Uchunguzi ulielekeza lawama hasa kwenye mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika chupa za dawa ya bangi zilizouzwa kwa magendo. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba bidhaa isiyokaguliwa inaweza kuwa na chochote ndani yake.

HESABU YA JANI

Tuchukue kilo moja ya tumbaku ya mvuke, ile ya Virginia inayolimwa kwa wingi Tabora. Sigara moja ya kawaida hutumia takriban gramu 0.7 za tumbaku. Kwa hiyo kilo moja, tukiacha upotevu wa kiwandani, inatoa sigara 1,400 hivi, sawa na pakiti 70.

Sasa tuichukue kilo hiyo hiyo tuikamue nikotini. Jani lenye nikotini asilimia 2 lina gramu 20 kwa kilo, yaani miligramu 20,000. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016 inaruhusu kimiminika chenye nikotini isiyozidi miligramu 20 kwa mililita, na tangi la kifaa lisilozidi mililita 2. Kifaa kimoja cha kutupa cha kiwango hicho kina miligramu 40 za nikotini. Gawa 20,000 kwa 40 na jibu ni vifaa 500.

Wauzaji wengi hukinadi kifaa kimoja cha aina hiyo kuwa ni mbadala wa pakiti ya sigara 20. Tukilikubali dai lao, basi kilo iliyokuwa ikitosheleza pakiti 70 sasa inatosheleza mbadala wa pakiti 500. Hata kama nusu ya nikotini itapotea katika ukamuaji, bado vinabaki vifaa 250. Kila mvutaji anayehama kutoka sigara kwenda vepu anapunguza mahitaji ya jani mara tatu hadi saba.

Na hapo bado tumedhani kwamba nikotini imetoka kwenye jani zuri. Kiwanda cha kukamua hakihitaji jani la daraja la juu ambalo mkulima amelikausha kwa uangalifu ndani ya bani na mteuzi akalipa bei nzuri. Kinaweza kutumia vikonyo, vumbi na mabaki. Zaidi ya hayo, nikotini sasa hutengenezwa pia katika maabara bila jani hata moja. Kwa bidhaa ya namna hiyo, bani la Sikonge halina kazi.

Tumbaku inayopashwa moto ni afadhali kidogo kwa mkulima, lakini nayo kijiti chake kina karibu theluthi moja tu ya gramu ya tumbaku, chini ya nusu ya sigara ya kawaida.

TABORA NA MAKISIO

Hesabu hiyo si ya kubeza katika mkoa ambao maisha yake yameshikamana na zao moja. Baada ya mpango wa karanga wa Waingereza uliokuwa umeanza mwaka 1947 kushindwa, mashamba ya Urambo yaligeukia tumbaku, na zao hilo likaenea katika misitu ya miombo ya magharibi. Uzalishaji wa nchi nzima ulivuka tani 120,000 katika msimu wa 2010/11, ukashuka hadi karibu nusu ya kiasi hicho miaka kumi baadaye, kisha ukapanda tena kupita tani 120,000 katika msimu wa 2022/23.

Mpando na mshuko huo haukuletwa na mvua peke yake. Mkulima hapandi anavyotaka. Hulima kwa mkataba kupitia chama chake cha msingi, hukopeshwa mbolea, na huzalisha kwa makisio ambayo mnunuzi ameyakubali. Katika msimu wa 2016/17 wakulima wengi walibaki na tumbaku nje ya makisio, marobota yakakaa maghalani bila mnunuzi. Mnunuzi mkubwa anapopunguza makisio, hakuna soko la pili la kukimbilia.

Makisio hupangwa kwa kutazama wavutaji wa dunia wanakwenda wapi. Kampuni ya Philip Morris International ilitangaza kwamba mwaka 2024 bidhaa zake zisizo na moshi zilileta asilimia 39 ya mapato yake halisi. Japan Tobacco na British American Tobacco nazo zimewekeza katika bidhaa za aina hiyo. Mabadiliko hayo yanakuja Tabora, sheria iwepo isiwepo.

SHERIA YA MWAKA 2003

Tanzania ilitunga Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, mwaka ule ule ambao kifaa cha Hon Lik kilizaliwa. Sheria hiyo inakataza kumuuzia tumbaku mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, na mwaka 2021 kazi ya kudhibiti bidhaa hizo ilikabidhiwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Magharibi iko hapa hapa Tabora.

Mlinzi, kwa hiyo, yupo. Tatizo ni silaha aliyopewa. Sheria ya 2003 iliandikwa kwa ajili ya sigara inayowashwa. Haikuwekwa kiwango cha nikotini katika mililita, wala kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, wala ladha za matunda, wala betri, wala nikotini ya maabara.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kisheria. Marekani iliwapa wakaguzi wake mamlaka juu ya bidhaa za tumbaku mwaka 2009, lakini watengenezaji wakahamia kwenye nikotini isiyotoka katika tumbaku na kudai kwamba haiwahusu. Ilibidi Bunge la huko lirekebishe sheria Machi 2022 ili kuziba mwanya huo. Nchi inayotunga sheria leo haina haja ya kupita njia ile ile: inatosha kutaja nikotini yenyewe, itoke kwenye jani au itoke kwenye mtungi.

Tanzania haiko peke yake katika kuchelewa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa nchi 34 zilikuwa zimepiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki, nchi 88 hazikuwa na umri wa chini wa kununua, na nchi 74 hazikuwa na kanuni zozote juu yake.

MAJIRANI WAMEFANYAJE

Uganda ilichagua kufunga mlango. Sheria yake ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwaka 2016, inapiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha na tumbaku zenye ladha. British American Tobacco Uganda iliipinga sheria hiyo mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi.

Kenya ilichagua kodi kwanza. Sheria yake ya ushuru ya mwaka 2015 ilitoza shilingi 3,000 za Kenya kwa kila kifaa na 2,000 kwa kila katriji. Mwaka 2022 ikaanza kutoza kimiminika chenyewe shilingi 70 kwa mililita, na Desemba 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 100.

Lakini kodi bila kanuni za afya iliacha pengo. British American Tobacco Kenya ilipoingiza vifuko vya nikotini vya Lyft mwaka 2019, vilisajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Oktoba 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukufuata sheria, na mauzo yakasimama. Bidhaa ilirudi baadaye kwa jina la Velo. Kampuni ilikuwa imetangaza kiwanda cha shilingi bilioni 2.5 za Kenya mjini Nairobi, na mpango huo ukakwama katika mvutano wa kanuni.

Katika kisa hicho kila upande ulipata hasara. Vijana walikuwa wamekwisha kuzoea vifuko kabla Serikali haijajua iviite nini, na mwekezaji hakujua kesho yake. Sheria iliyo wazi mapema ingewafaa wote.

HONGO NA NJIA YA KIGOMA

Wenyeji wa Tabora wanajua maana ya kusimamia njia. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na kila mtawala mwenye nguvu alidai hongo ya vitambaa, shanga na waya. Mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia mwaka 1871 akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, bei ya pembe za ndovu ilitikisika hadi Unguja.

Njia hiyo haijafa. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Mizigo inayoshuka Dar es Salaam hupita hapa kwenda Burundi na mashariki ya Kongo. Kifaa cha vepu ni chepesi kuliko kitabu cha risiti, na mamia huingia katika katoni moja.

Kwa hiyo sheria ya Tanzania isiyotaja bidhaa hizi inawaachia mwanya wasafirishaji wa magendo wa kanda nzima. Bidhaa iliyokatazwa Uganda na kutozwa ushuru mkubwa Kenya itatafuta njia yenye mlango wazi. Tena mtengenezaji mkuu naye amejilinda kwao: tangu Oktoba 2022 China imekataza kuuza ndani ya nchi vepu zenye ladha za matunda na mfano wake, huku viwanda vyake vikiendelea kuzitengeneza kwa ajili ya nje. Nchi zisizo na sheria ndizo zinazobaki kuwa soko.

UPANDE WA PILI

Haitakuwa haki kuacha hoja za wanaotaka bidhaa hizi ziruhusiwe. Moshi wa sigara ya kawaida una sumu nyingi zaidi kuliko mvuke wa vepu, na tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Tafiti zilizokusanywa na wataalamu wa tiba zimeonyesha kuwa vepu zenye nikotini humsaidia mvutaji kuacha sigara kuliko vibandiko au ubani wa nikotini. Uingereza iliitumia njia hiyo kwa watu wazima.

Lakini ni Uingereza hiyo hiyo iliyopiga marufuku vepu za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya taka na kwa sababu watoto wa shule walizipata kirahisi. Maana yake ni kwamba hata anayeamini bidhaa hii ina faida kwa mvutaji mzee haamini kwamba iachwe huru.

Hoja nyingine ni kwamba marufuku huzaa magendo. Nayo ina ukweli, na ndiyo sababu kanuni zinazopimika zina nguvu kuliko tamko. Umri wa miaka 18, kiwango cha nikotini kwa mililita, chupa yenye kifuniko salama, onyo la afya, usajili wa mwagizaji, na ushuru kwa mililita: vyote hivyo mkaguzi wa forodha au wa TMDA anaweza kuvipima mezani. Ladha za kuwavuta watoto nazo zinaweza kukatazwa kwa orodha, kama China ilivyofanya.

KWA MWENYE DUKA NA MWENYE HISA

Mfanyabiashara anayefikiria kuagiza vepu akumbuke shisha. Mwaka 2016, Serikali ilipotangaza marufuku, waliokuwa wamewekeza katika vifaa na kumbi walibaki na mali isiyouzika. Bidhaa yenye nikotini isiyo na usajili ulio wazi ni mtaji uliowekwa juu ya mchanga. Asiagize mzigo mkubwa, wala asikope kwa ajili yake.

Mwenye hisa za Kampuni ya Sigara Tanzania, TCC, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2000 na ambayo sehemu yake kubwa inamilikiwa na Japan Tobacco, naye ana la kutazama. Sigara iliyotengenezwa nchini hulipa ushuru na hununua jani la nchini. Vepu ya magendo hailipi chochote. Kwa mwenye hisa, sheria inayotoza bidhaa zote za nikotini kwa usawa ni ulinzi wa gawio lake. Hata hivyo, asisahau kwamba biashara ya sigara yenyewe inakabiliwa na kodi na masharti yanayopanda duniani kote, na gawio nono la leo si ahadi ya miaka ishirini ijayo.

Kwa vyama vya msingi na halmashauri za Tabora, zinazotegemea ushuru wa mazao, ujumbe ni mzito zaidi. Mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007 unazitaka nchi ziwasaidie wakulima wa tumbaku kupata shughuli nyingine zenye faida. Tabora ina asali ya miombo inayojulikana, ina alizeti, karanga na korosho zinazojaribiwa. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo leo ina mkopo wa pembejeo na mnunuzi wa uhakika kama tumbaku, na hapo ndipo panapohitaji fedha na sauti ya wawakilishi wa mkoa.

Kwa hiyo mjumbe wa Tabora atakapoombwa kupinga udhibiti wa sigara za kielektroniki kwa jina la mkulima, aombe kwanza aonyeshwe kilo ngapi za jani la Urambo zimo ndani ya katoni inayotetewa. Asipopewa jibu, akapige kura kama mzazi.